Shajara ya mradi: mtama na mchicha chini ya mionzi, Tabora

Naiandika shajara hii nikiwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari mjini Tabora, pamoja na wanafunzi kumi na wanne wa klabu ya sayansi, ili mwalimu mwingine aliye na fundi wa umeme jirani, mbao chache na uvumilivu wa kuhesabu mbegu moja moja aweze kuifuata kazi hii au kuirekebisha. Swali tulilojiwekea ni hili: katika safari ndefu ya anga za mbali, ambako wasafiri watalazimika kulima sehemu ya chakula chao, ni wakati gani mmea huumizwa zaidi na mionzi? Je, ni ukiwa mbegu kavu ghalani, ukiwa umelowa na kuchipua, au ukiwa mche wenye majani?

14 Januari 2024: Tunachoiga na tusichoweza kuiga

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, tulitumia vipindi vitatu vya klabu kujifunza mionzi yenyewe. Miali inayotoka nje ya mfumo wa jua ni chembe zinazokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Katika kila viini 100 vya atomi, takriban 87 ni protoni, 12 ni viini vya heliamu, na kilichobaki ni viini vizito kama vya chuma, ambavyo ni vichache lakini vyenye madhara makubwa kila vinapopita. Kifaa kiitwacho RAD, kilichosafiri ndani ya gari la utafiti Curiosity kwenda Mirihi kati ya mwaka 2011 na 2012, kilipima njiani wastani wa milisiverti 1.8 kwa siku (milisiverti ni kipimo cha athari ya mionzi mwilini). Mtu wa duniani hupata kutoka vyanzo vya asili wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka mzima. Maana yake ni kwamba msafiri, pamoja na mboga zake, hupokea ndani ya siku moja na theluthi kile ambacho sisi hupokea kwa mwaka.

Sisi hukingwa na usumaku wa dunia na pia na hewa. Hewa iliyo juu ya Tabora, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ina uzito sawa na maji ya kina cha mita tisa. Ili jambo hilo lisibaki maneno matupu, tuliipima kamba ya kisima cha shule, tukaifunga fundo kwenye mita ya tisa, kisha tukaishusha. Wanafunzi walisimama ukingoni wakitazama fundo likipotea gizani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini hewa, kitu kisichoonekana, huitwa ngao. Hewa ya Mirihi, kwa kipimo hicho hicho, ni sawa na maji ya kina cha sentimeta 20 hivi.

Chanzo cha mionzi ya gama si kitu cha kuwekwa kwenye maabara ya shule, na vyanzo vya namna hiyo vinasimamiwa kisheria na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kwa hiyo tulichagua mionzi ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, inayotolewa na taa za kuua vijidudu. Tofauti yake na miali ya anga tuliiandika ubaoni na hatujaifuta hadi leo: urujuanimno hugandamanisha herufi mbili zilizo jirani kwenye DNA, uzi unaobeba maagizo ya urithi ndani ya seli, lakini chembe ya anga yaweza kuukata uzi wa DNA pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Kila matokeo yaliyomo humu yasomwe pamoja na sentensi hiyo.

28 Januari 2024: Sanduku

Sanduku ni la plaiwudi, limebandikwa karatasi ya alumini ndani, na taa ya wati 15 imefungwa chini ya paa lake. Fundi redio wa mtaa wa Isevya ndiye aliyeunganisha umeme, na ndiye aliyeshikilia kwamba swichi iwekwe kwenye fremu ya mlango ili mlango ukifunguliwa taa izimike yenyewe. "Mwalimu, mtoto huambiwa asichungulie, na huchungulia," alisema, nami namshukuru kwa kauli hiyo, kwa sababu dakika chache za mwanga huu hutosha kuunguza macho na ngozi. Asiye na swichi ya mlango asianze kazi hii.

Gharama kwa shilingi: taa iliyoagizwa kutoka Dar es Salaam 38,000 na usafiri wake kwa basi 8,000, choki (kifaa cha kudhibiti umeme wa taa) iliyokwisha tumika 5,000, plaiwudi 27,000, vioo vya luva 6,000, swichi 3,500, karatasi ya alumini 4,500. Jumla ni 92,000.

18 Februari 2024: Mtama "usiodhurika"

Jaribio la kwanza lilikuwa la mbegu kavu za mtama, hamsini chini ya taa kwa nusu saa na hamsini mezani. Zilipooteshwa, zile za taa ziliota 46 na zile za mezani 47. Wanafunzi walishangilia kwamba mtama haudhuriki na mionzi, na nakiri kwamba nami nilikaribia kuandika hivyo.

Kilichonizuia ni kwamba matokeo yalikuwa safi kupita kiasi. Mbegu tulizifunika kwa vifuniko vya kioo vya sahani za maabara ili zisipeperuke, na hakuna aliyejiuliza kama mionzi hupita kwenye kioo hicho. Tulikata kipande cha karatasi nyeupe ya ofisi, ambayo hung'aa rangi ya buluu chini ya urujuanimno, tukakiweka nusu chini ya kifuniko na nusu nje. Tulikitazama kupitia dirisha dogo la kioo cha luva tulilolitoboa ubavuni mwa sanduku. Nusu iliyokuwa wazi iling'aa, na nusu iliyofunikwa ilififia karibu kuzimika. Kioo cha kawaida huzuia urujuanimno wa namna hii, na ndiyo sababu ile ile iliyofanya dirisha letu la kuchungulia liwe salama. Kwa nusu saa nzima tulikuwa tumeangazia vifuniko.

Tulirudia bila vifuniko kwa dakika 30, 60 na 120. Ziliota 47, 45 na 46 kati ya hamsini, na kundi la mezani liliota 46. Safari hii mionzi ilizifikia mbegu, lakini iliishia kwenye ganda, kwa kuwa urujuanimno hauna nguvu ya kupenya hadi kwenye kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu. Hapa uigaji wetu unavunjika kabisa, maana kwa chembe ya anga ganda la mtama si kizuizi.

Hata hivyo mbegu kavu ni ngumu kweli, ila kwa sababu nyingine. Ndani yake seli hazigawanyiki, na maji ni machache. Mbegu za nafaka huvumilia dozi za mamia ya gray (kipimo cha mionzi inayofyonzwa), ilhali gray tano mwilini kote zaweza kumuua mtu asiyepata matibabu. Mwaka 1984 mbegu za nyanya milioni 12.5 zilipelekwa kwenye mzingo ndani ya chombo cha LDEF kilichopaswa kurudishwa baada ya mwaka mmoja hivi. Kwa sababu ya ajali ya chombo cha anga Challenger na mengine yaliyofuata, zilikaa huko karibu miaka sita hadi Januari 1990. Ziligawiwa mashuleni, zikaota, na wanafunzi hawakuona tofauti kubwa na mbegu zilizobaki duniani. Mbegu za roketi, mboga ya majani ya jamii ya kabichi, zilizokaa miezi sita kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga katika safari ya mwanaanga Mwingereza Tim Peake ya 2015 hadi 2016, ziliota zikiwa nyuma kidogo tu ya wenzao. Kwa hiyo ghala la mbegu halikutupa hofu tena, na tuliligeukia kundi la pili.

10 Machi 2024: Joto lilivyotudanganya

Tulizilowesha mbegu za mtama kwa siku moja, tukazilaza juu ya kitambaa chenye unyevu kwa siku nyingine, na zilipotoa mzizi wa milimita tano tukaziweka chini ya taa kwa dakika ishirini. Kati ya machipukizi 40, yaliyokufa au kuacha kukua yalikuwa 31, na kwa yale ya mezani yalikuwa mawili tu. Lilionekana kuwa jibu kubwa.

Siku ya pili mwanafunzi mmoja alitia mkono sandukuni kuokota kitambaa, akasema kimekauka na kina joto. Tulinunua vipimajoto viwili kwa shilingi 7,000, tukapata nyuzi 39 ndani na 27 mezani. Choki tulikuwa tumeifunga ndani ya sanduku, nayo ilikuwa ikipasha kila kitu joto. Hatukuwa na njia ya kujua ni machipukizi mangapi yaliuawa na mionzi na mangapi na ukame, hivyo jaribio lote tulilifuta daftarini kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu.

Marekebisho yalikuwa mawili. Choki ilihamishiwa nje, na feni ndogo ya kompyuta ya shilingi 4,000 ikafungwa mgongoni mwa sanduku. La pili, ambalo naliona kuwa ndilo bora katika mradi mzima, ni kwamba kundi linganishi halikai tena mezani. Linakaa ndani ya sanduku lile lile, kwenye kitambaa kile kile, chini ya kioo cha luva. Joto, hewa na unyevu vinalifikia kama linavyofikiwa kundi jingine, ila mionzi haifiki. Kioo kilichotuharibia jaribio la kwanza ndicho sasa kinachotulindia yote yaliyofuata. Tangu hapo tunasema "kundi la wazi" na "kundi la kioo".

Tuliporudia kwa dakika kumi, katika kundi la wazi machipukizi 19 kati ya 40 yaliacha kukua, na katika kundi la kioo matatu. Chini ya lenzi, ncha ya mzizi ulioumia ilikuwa ya kahawia na imesinyaa, kama njiti ya kiberiti iliyozimwa mapema, huku sehemu ya nyuma yake ikiwa bado nyeupe na hai. Kwa machipukizi kadhaa, siku nne baadaye vizizi vya pembeni vilitokeza nyuma ya sehemu iliyoungua. Kilichokufa ni pale seli zinapogawanyika kwa kasi, na ndipo mionzi ya aina zote huuma zaidi.

Kosa jingine dogo lakini la kuepukwa: tulijaribu kupunguza dozi kwa kuishusha sahani mara mbili mbali na taa, tukidhani imepungua hadi robo. Kanuni hiyo ni ya chanzo kilicho kama nukta, na taa yetu ni fimbo ya urefu wa sentimeta 44 hivi, ambayo karibu nayo mwanga hupungua polepole zaidi. Sasa umbali haubadilishwi kamwe; tunabadilisha dakika tu.

17 Machi 2024: Mbegu za mchicha

Pakiti mbili za mchicha tulizonunua dukani kwa shilingi 3,000 ziliota 11 kati ya hamsini. Zilikuwa zimechakaa. Bibi wa mmoja wa wanafunzi alitupatia mbegu alizohifadhi kwenye kibuyu, zikiwa zimechanganywa na majivu na mdomo umezibwa kwa gunzi, nazo ziliota 45 kati ya hamsini. Tunatumia hizo.

7 Aprili 2024: Safu ya saa

Tulifikia miche yenye majani. Mchicha wa siku saba uliwekwa chini ya taa kwa dakika kumi na tano, miche 40 ya wazi na 40 ya kioo. Kati ya ile ya wazi ilikufa kumi. Tuliporudia wiki iliyofuata kwa hatua zile zile, ilikufa 26.

Tofauti hiyo ilitusumbua siku tisa. Tuliifuta taa vumbi, tukapima umbali, tukabadilisha saa ya kuhesabia dakika, tukakagua kama mbegu zilitoka kibuyu kimoja. Kila kitu kilikuwa sawa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetunza daftari ndiye aliyekuja mezani kwangu na ukurasa umefunguliwa, akaniambia, "Samahani mwalimu, tazama safu ya saa." Raundi ya kwanza ilimalizika saa nne asubuhi na miche ikawekwa dirishani juani. Raundi ya pili ilimalizika saa kumi na mbili jioni, umeme ulikatika muda mfupi baadaye, na miche ilikaa gizani hadi asubuhi. Safu hiyo niliiweka daftarini kwa mazoea tu, bila kufikiri kwamba ingekuja kuwa na kazi.

Maelezo yapo, nayo ni mazuri kuyafundisha. Mimea ina kimeng'enya kiitwacho fotolaizi, ambacho huishika sehemu ya DNA iliyogandamana na, kwa nguvu ya mwanga wa buluu au wa urujuanimno hafifu unaokuja na jua, huzitenganisha zile herufi mbili zikarudi kama zilivyokuwa. Bila mwanga kimeng'enya hicho hakitendi kazi. Jua ndilo linaloleta jeraha, na jua hilo hilo huleta dawa yake, na mimea imelizoea hilo kwa muda mrefu sana.

Tulilijaribu kwa makusudi, makundi manne ya miche 40. Ya wazi iliyopelekwa kwenye mwanga mara moja: ilikufa tisa. Ya wazi iliyokaa gizani saa 24: ilikufa 27. Ya kioo kwenye mwanga: mmoja. Ya kioo gizani: miwili. Kwa hiyo giza peke yake halikuua, na mionzi peke yake iliua kiasi. Viwili hivyo vilipokutana ndipo tulipopoteza miche mingi.

Nawasihi watakaonakili jaribio hili wasiligeuze kuwa habari kwamba taa za buluu zitaokoa bustani za anga. Fotolaizi hutengua mgandamano wa urujuanimno tu. Uzi wa DNA uliokatwa pande zote mbili mmea huuunga kwa njia nyingine, ambayo mara nyingi huacha kosa pale palipounganishwa. Tunachoweza kudai ni kwamba anayepima madhara ya mionzi kwa mmea hai bila kuandika mwanga ulioupata mmea huo baadaye amepima vitu viwili na kuviita kimoja.

28 Aprili 2024: Maji kama ngao

Wanafunzi walikuwa wamesoma kwamba maji ni ngao nzuri dhidi ya miali ya anga, wakataka kuona. Tuliyalaza machipukizi ya mtama chini ya maji ya mvua ya kina cha sentimeta tatu, tukawasha taa dakika kumi. Yaliyoacha kukua yalikuwa 17 kati ya 40, karibu sawa na yale 19 ya bila maji. Kwa maji ya kisima baada ya mvua, yenye tope jepesi, yalikuwa matano.

Matokeo haya yaliwavunja moyo, hivyo tuliyajadili kipindi kizima. Maji safi hupitisha urujuanimno huu vizuri, na kilichokinga kwenye maji ya kisima ni tope. Kwa miali ya anga sababu ni tofauti kabisa: maji yana haidrojeni nyingi, na viini vyepesi hupunguza kasi ya protoni na kuvunja viini vizito vinavyoingia bila kuzaa vipande vingi vipya. Metali nzito kama risasi, ambayo wengi huifikiria kwanza, ikigongwa na miali hiyo hutoa mvua ya chembe za pili. Ndiyo maana wanaobuni vyombo vya safari ndefu huzungumzia maji na plastiki ya polithini.

Kisha tulipiga hesabu. Kitalu chenye umbo la mchemraba wa mita moja kila upande, kikizungushiwa pande zote maji ya unene wa sentimeta 20, yaani kinga inayolingana na hewa ya Mirihi tu, kinahitaji lita 1,744. Hayo ni karibu mapipa tisa ya lita mia mbili, yenye uzito wa tani moja na robo tatu, kwa bustani isiyotosha kulisha hata mtu mmoja. Ndipo mmoja wao alipouliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: kwa kuwa wasafiri lazima wabebe maji ya kunywa hata hivyo, kwa nini matangi yasipangwe kuizunguka bustani, na kwa kuwa machipukizi ndiyo yanayoumia zaidi, kwa nini yasikae katikati na mbegu kavu zikae ukutani? Mchoro wake uko ukutani darasani. Una mantiki inayolingana na hesabu zetu za machipukizi, nami nimeuacha pale bila kusahihisha chochote.

19 Mei 2024: Vigae badala ya udongo

Miche iliyosalimika ilihitaji kukuzwa hadi kutoa mbegu. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kitalu cha Veggie, kilichowekwa mwaka 2014, hutumia vifuko vyenye chembe za udongo uliochomwa. Sisi tuliponda vyungu vilivyovunjika.

Mara ya kwanza tulitumia kila kilichotoka kwenye kinu, pamoja na vumbi. Maji yalituama, mizizi ikakosa hewa, na ndani ya wiki moja miche sita ya akiba ilioza shinani. Tatizo la maji yasiyokwenda popote ni kubwa zaidi huko ambako hakuna chini ya kuchuruzikia: mwishoni mwa mwaka 2015 mimea ya maua ya zinia ya kituo hicho iliota ukungu kwa unyevu uliozidi, hadi mwanaanga Scott Kelly alipoachiwa aiangalie kwa macho yake na kuamua mwenyewe siku ya kumwagilia, na Januari 2016 ikachanua. Dawa yetu ilikuwa chekecheke mbili: ya unga kwa kutoa vumbi, na ya waya wa dirisha la mbu uliopanuliwa matundu kwa msumari. Tunabakiza chembe za milimita moja hadi tatu. Vigae havikugharimu kitu. Vitambaa na kamba vilikuwa 5,000, na taa tatu za LED za kusaidia mwanga 12,000.

21 Julai 2024: Miche kumi na miwili kwa kumi na miwili

Tulipanda mimea 12 ya kundi la wazi na 12 ya kundi la kioo, na yote imefika maua. Wiki ya sita mimea ya kundi la wazi ilikuwa mifupi kwa wastani wa sentimeta nne, na miwili ilikuwa na majani yaliyojikunja. Mmoja, tulioupa namba saba, una mstari mweupe unaoanzia kwenye kikonyo cha jani la tano hadi nchani, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na majani yote yaliyo juu yake upande huo yana mstari kama huo. Ni ishara kwamba seli moja iliyoumia kwenye kichipukizi imezaa ukoo mzima wa seli zisizo na kijani.

Mzazi mmoja alikuja shuleni na swali la haki: "Mwalimu, mboga hii si itakuwa na mionzi, na watoto wataila?" Nilimjibu kwamba mmea uliopigwa na urujuanimno haubaki na mionzi, kama nguo iliyoanikwa juani isivyobaki na jua ikishaanuliwa. Swali la wataalamu wa anga kuhusu chakula ni jingine: mavuno, virutubisho, na mbegu za kizazi kinachofuata. Saladi nyekundu iliyolimwa kwenye Veggie wanaanga waliila tarehe 10 Agosti 2015, na umuhimu wake ni kwamba vyakula vya pakiti hupoteza vitamini C na B1 vikikaa miaka kadhaa, na safari ya Mirihi kwenda na kurudi ni ya miaka. Hata hivyo, kwa utaratibu, tulichopika kwa karanga ni majani ya kundi la kioo tu, na mzazi yule alikaa nasi akala.

Vichwa vya maua tumevifunga kwa mifuko ya kaki ili chavua isichanganyike. Mifuko ya plastiki tuliyoanza nayo ilifanya ukungu siku ya tatu.

22 Septemba 2024: Kizazi cha pili

Kutoka kila mmea tulichukua mbegu 20, jumla 240 kwa kila kundi. Za kundi la wazi zimeota 203, za kundi la kioo 211. Tofauti ni ndogo na sitaipa maana.

Lakini katika zile 203, miche minne imetoka ikiwa na majani ya manjano hafifu, na yote minne ni ya mmea namba saba. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani Lewis Stadler alionyesha kwa shayiri kwamba eksirei hubadilisha kile mmea unachorithisha, na tangu hapo wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakiitumia mionzi kwa makusudi. Novemba 2022 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, walipeleka mbegu za mtama na za arabidopsisi, mmea mdogo unaotumiwa sana na watafiti, kwenye kituo cha anga, zikarudi Aprili 2023, kutafuta humo mabadiliko yenye faida kwa wakulima. Nilipowaeleza wanafunzi kwamba mtama, zao la bibi zao, ulikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa, walinyamaza kidogo, kisha wakataka kurudi kitaluni.

13 Oktoba 2024: Namba saba

Miche minne ni michache mno kuitegemea, hivyo tumepanda mbegu 200 nyingine za namba saba na 200 za mmea mmoja wa kundi la kioo, kwenye vigae vile vile na mwanga ule ule. Za namba saba zimeota 168, na kati yake 29 ni za manjano. Za kioo zimeota 175 na hakuna hata mmoja wa manjano. Miche ya manjano huishi siku tisa hadi kumi na moja: hufungua majani mawili ya kwanza, husimama wima kama wenzake hadi akiba ya mbegu inapokwisha, kisha hulala. Ndugu zake wa kijani wanaendelea vizuri, na bila kuwapandia kizazi cha tatu hatuwezi kujua ni wangapi kati yao wamebeba kasoro hiyo ndani bila kuionyesha. Kwa bustani ya anga inayolazimika kujizalishia mbegu mwaka hadi mwaka, naona hawa wa kijani wanahitaji kuangaliwa zaidi ya wale waliokufa mbele ya macho yetu.

Jumla ya matumizi hadi leo ni shilingi 123,000. Taa bado ni ile ya kwanza. Miche 139 ya kijani ya namba saba imehamishiwa kwenye makopo yenye namba, kila mmoja na mfuko wake wa kaki tayari. Mbegu zilizobaki, kiasi cha kijiko kidogo cha chai, yule bibi aliyetupatia mbegu za mchicha amezipokea, akazichanganya na majivu, akaziweka kwenye kibuyu cha peke yake na kukifunga uzi mwekundu shingoni ili kisichanganywe na vingine hadi mvua za Novemba.